Vidaka vya Nje

Kipito chetu hakimo kwenye ramani ya kaunti.
Twakiita Kwa Mwana Kesi,
kwa bibi ambaye hata waliomzika wamezikwa.
Chaanzia nyuma ya kinu cha nazi, chapinda mara mbili,
na tangu ufukweni kutandikwe matofali mapya
hakikupitwa ila na punda asiye na mwenyewe
na vijana wa unga, wameinama kama wanaosoma.

Mimi ndimi katibu. Kumbukumbu za kikao ninazo.
Ajenda ya tatu: sanaa ya kipitoni.
Laki nne na nusu, kutoka kwa mfadhili.
Bwana Famau akataka lichorwe jahazi, kubwa,
jua likizama nyuma yake, "wageni hupenda."
Mwalimu Shee akataka ramani. Mtu akataka nembo.
Nikaandika yote. Nikaandika pia, kwa penseli,
kwamba laki nne ni taa sita na mtaro.
Hilo sikulisema kwa sauti.

Akaitwa Mwanate binti Shekuwe, mkata lipu,
mikono meupe hadi viwikoni.
Akasikiliza jahazi. Akasikiliza ramani.
"Mumepita kule lini?" akauliza.
Tukaitazama meza.
"Ndiya haifi kwa taka. Hufa kwa kutopitwa."

Alichotaka kukata ni vidaka,
vile vya ndani, vya ukuta wa bibi harusi,
walivyopangia nyanya zetu sahani za kaure,
visivyoonwa na mwanamume wa kupita.
"Nitavitoa nde."
Bwana Famau akakohoa: kidaka ni siri ya nyumba.
"Nyumba gani? Hizo mulizouza,
ambazo hata vitanda vyake vimepigwa picha?"
Hapo sikuandika kitu.

Chokaa ikarowekwa mwezi wa Rajabu.
Akamwajiri Aboudi, kijana wa unga, achekeche mchanga.
Akaiba ndoo, akafukuzwa,
akairudisha, akarudishwa.
Niliandika: ndoo moja, imepotea. Nikafuta.
Malipo ya pili hayakuja; mfadhili alituma barua nzuri.
Vidaka hamsini na kimoja, kisha chokaa ikaisha,
na cha mwisho kikabaki nusu,
nyota yake haijafungwa.

Wiki mbili vikakaa vitupu.
"Tumenunua mashimo," akasema Bwana Famau,
na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Wa kwanza hajulikani. Asubuhi moja
palikuwa na kikombe kisicho mkono,
ndani yake asmini tatu.
Kisha ufunguo wa mlango uliokwisha kusafirishwa.
Kisha meno ya bandia,
yakaondolewa Ijumaa kwa heshima, yakarudi Jumamosi.
Kisha karatasi ya hesabu, kumi na moja kwa mia,
imekunjwa ndogo, ndogo zaidi, kama ya kuzikwa.
Mtu akaikunjua, akaandika pembeni:
*Hata mimi.*
Ikakunjwa tena. Ikaachwa palepale.

Si kwamba kipito kimepona.
Taa hakuna. Mtaro wanuka vilevile,
na mvua ya masika imekwisha kula vidaka vinne vya chini.
Aboudi hayuko: wengine wasema Mombasa,
wengine huinamisha macho.
Mwanate hajalipwa. Hilo nimeliandika kwa wino.

Jana alasiri nilipita na penseli mfukoni,
ile ile, imebaki kama kidole gumba,
nikitafuta kile kidaka cha nusu.
Nilikuta wanawake wawili wamesimama hapo
wakibishana meno ni ya nani.
Nyuma yangu mtu akapiga kelele: "Simila! Simila!"
Nikabana mgongo ukutani, chokaa ikanishika kanzu,
punda akapita na magunia mawili ya simenti,
na mwenyewe nyuma yake, ana haraka,
hakunisalimu hata.